Mfuko wa Kulia, Mfuko wa Kushoto

Baba yangu, Sadala Mhina, hakupenda kuitwa mwindaji. Mwindaji, alisema, ni mtu anayekwenda porini kwa kupenda. Yeye alikwenda kwa sababu nguruwe walikuwa wanamaliza mahindi ya watu. Lakini mimi niliyemwona akiisafisha ile bunduki yake huku akiimba kwa Kizigua nasema alipenda, tena sana. Mtu haimbii kitu asichokipenda.

Alizaliwa Misima, Handeni, kwa baba mwenye gobore. Gobore la babu lilishindiliwa baruti na vipande vya chuma chochote kilichookotwa: misumari, vipande vya sufuria, mara moja hata kitasa cha sanduku. Mnyama akianguka, kazi ilihamia mezani, maana ilibidi utafune polepole kama mgonjwa. Jino la mbele la babu lilivunjwa na pongo aliyekwisha kupikwa. Nadhani ndiyo sababu baba alikua akijali zaidi kile kinachobaki ndani ya nyama kuliko mshindo wa bunduki.

Alipokuwa kijana alivuka kwenda Mazinde kukata mkonge. Hakukata sana. Nguruwe mwitu walikuwa wanafukua miche michanga, na meneja wa shamba, Mzungu mmoja mkimya, alimkuta baba akiwafukuza kwa mawe na matusi. Akampa bunduki ndogo ya risasi nyembamba, akamfundisha kuipiga, akamwambia hiyo ndiyo kazi yake kuanzia siku ile. Huko ndiko alikompata Dunstan, ambaye wazazi wake walikuja na manamba, vibarua wa mkonge, kutoka Unyamwezi na hawakurudi tena. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, basi wawili wale walianza kutukanana siku ya kwanza, na wakawa marafiki mpaka kaburini.

Nguruwe aliyeanguka, baba hakumgusa. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na nguruwe kwake alikuwa kama jiwe lenye manyoya. Dunstan ndiye aliyembeba kwenda kambini kwao. Kambi nzima ikala, Wakristo na wale ambao hawakuwa na dini ya kuwazuia, na baba hakudai kitu. Dunstan akimwuliza kwa nini hachukui hata chumvi, anajibu, "Nikikuuzia nguruwe, Mungu ataniuliza mimi. Ukimbeba mwenyewe, atakuuliza wewe."

Uhuru ulipofika baba alicheza ngoma siku tatu. Halafu likaja Azimio la Arusha, shamba likawa la umma, na yule Mzungu akafungasha. Ile bunduki ndogo alimwachia baba, na karatasi zake zikapita polisi Korogwe kwa njia ya halali. Ilipokuja Operesheni na sisi tukahamishiwa kijiji cha Ujamaa, bondeni, ng'ambo ya reli, mtu wa kulinda shamba la bega kwa bega, ambako kila nyumba ililima kando ya mwenzake, hakuhitaji kutafutwa. Mkutano wa kijiji ulimtaja baba kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza.

Sasa nieleze habari ya risasi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea kwenye harusi yangu.

Bunduki ile ilikula risasi za aina mbili. Zote zilikuwa nyembamba, si nene kuliko penseli ya mtoto wa shule. Moja ilivikwa shaba mpaka nchani, ngumu. Nyingine ncha yake ilikuwa wazi, ya kijivu, laini kiasi kwamba ungeweza kuikwaruza kwa ukucha. Baba alitufundisha tofauti yake kwa kuzipiga kwenye mgomba. Ile ngumu iliingia na kutokea upande wa pili kwa tundu dogo, mgomba hata haukutikisika. Ile laini iliingia kwa tundu lilelile dogo, lakini upande wa pili ilitoka na kipande cha mgomba cha kujaza kiganja.

"Hii laini inapasukia ndani," alisema. "Hiyo ni ya nguruwe. Nguruwe aliyejeruhiwa anakurudia, tena na meno yake. Anatakiwa afe kabla hajajua nani kampiga. Na usimpige begani, pale ana gegedu kama ubao. Piga nyuma ya sikio."

Ile ngumu ilikuwa ya pongo na swala. Hiyo ilimwangusha mnyama bila kumvuruga, nyama ikabaki nyama, na zaidi ya yote ilimwacha na pumzi. Hapo ndipo penyewe. Masheikh wana maneno yao juu ya mnyama aliyeuawa kwa risasi iliyosomewa bismillahi, na Maalim Mbaruku wetu aliweza kuyaeleza maneno hayo kuanzia alasiri mpaka magharibi. Lakini pale kijijini hatukula maneno. Tulikula kisu. Pongo akianguka, baba alikimbia, akamgeuza kuelekea kibla, akamchinja akiwa hai, damu ikaruka. Kama hakuwahi, huyo ni kibudu, haingii sufuriani kwa Mwislamu. Na kwa sababu watu walijua baba hana mzaha na jambo hilo, nyama iliyotoka mkononi kwake haikuulizwa. Mwanamke yeyote aliipokea, akaiosha na kuipika.

Ikiwa mnyama ni mkubwa kuliko risasi, baba alimwacha. Tandala dume alipita mbele yake zaidi ya mara moja, pembe zimejikunja kama kizibuo, na baba akabaki amekaa. "Huyu si wa bunduki hii," alisema. "Nitamtia maumivu tu, akafie mbali, anufaike fisi." Dunstan alitukana mpaka akachoka.

Risasi alizinunua Korogwe kwa kibali, na pale dukani alikuwa kero. Alizimwaga mezani, akazigeuza mojamoja, zenye kutu ya kijani akazirudisha, zenye ncha iliyopinda akazirudisha, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anaoa au ananunua risasi. Nyumbani kila aina ilikuwa na mahali pake katika lile koti lake la kaki. Ngumu, za pongo, mfuko wa kulia, maana mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Laini, za nguruwe, mfuko wa kushoto. Kwa hiyo porini hakuhitaji kuangalia chini. Macho yalibaki kwa mnyama, mkono ukaenda mfukoni, risasi ikaingia chemba. Alijisifu kwa hilo. "Mkono wangu unasoma," alisema.

Basi mwaka wa sabini na sita nikaposwa na Athuman wa Mpale, huko juu milimani. Baba yake, Mzee Muhidini, alishuka na wazee wenzake, wakala kwetu ugali na kunde, na baba akaona haya. Ukame ulikuwa umetupitia, mbuzi wetu walikufa mwaka wa kuhamia, kuku wa kijiji kizima walikuwa wamemalizwa na mdondo. Bucha la Mombo lilifunguliwa ng'ombe akipatikana, na ng'ombe alikuwa hapatikani. Haya humfanya mtu aropoke. Baba akasimama akasema, "Wakwe zangu, siku ya harusi mtakula pongo. Mkila kunde tena kwangu, msiniite Sadala."

Wazee wakapiga makofi. Mimi niliyekuwa nasikiliza nyuma ya ukuta wa udongo, nilitamani ardhi inimeze. Wakwe wa milimani hawasahau. Mtu akiahidi pongo akaleta kunde, bibi harusi ndiye atakayezila zile kunde miaka yote, kila shemeji akipita atauliza pongo amefika wapi.

Baba alikwenda Korogwe kwa bwana nyama, akapewa kibali cha pongo mmoja. Mmoja, si wawili. Ndivyo sheria ilivyokuwa, na baba hakuwa mtu wa kuchezea karatasi ya serikali.

Siku mbili kabla ya harusi mama yangu, Zamda, aliamua kwamba baba hatakwenda mbele ya wakwe, hata porini, na koti lenye mifuko iliyotoboka. Alizitoa risasi, akalifua koti, akashona mifuko yote miwili, akalitundika kwenye msumari ukutani. Sasa mama yangu kwa usafi alikuwa na vituko vyake. Risasi za nguruwe hakuzishika kwa mkono wa kulia hata siku moja. Alizikusanya kwa mkono wa kushoto, kichwa amegeuza pembeni kana kwamba zinanuka, akazitia mfuko wa kushoto. Za pongo akazichukua kwa mkono wa kulia, akazitia mfuko wa kulia. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na bibi yake.

Ila koti lilikuwa limetundikwa likimwangalia yeye. Kushoto kwake ndiko kulia kwa koti.

Alhamisi asubuhi, jua limekwisha kupanda, baba na Dunstan walikuwa kwenye vichaka vya mtoni. Mengine haya nimeyapata kwa Dunstan, na Dunstan akisimulia huongeza chumvi, lakini hapa alisimulia kwa sauti ya chini, kwa hiyo namwamini. Pongo dume alitoka kunywa maji. Baba hakuangalia chini. Mkono ukaenda mfuko wa kulia, risasi ikaingia, akasema bismillahi, akapiga.

Pongo akaanguka palepale, hakutupa hata mguu. Baba akakimbia na kisu mkononi. Alipofika akapiga magoti, akamgusa jicho kwa ncha ya kidole. Jicho halikupepesa. Akamgeuza, akaona upande wa pili.

Aliingiza mkono mfukoni akatoa risasi zilizobaki. Zote ncha za kijivu.

"Mkate," Dunstan akasema. "Mkate upesi, mgosi, bado ana joto. Damu itatoka."

Baba akazirudisha zile risasi mfukoni, mojamoja.

"Nani atajua? Tuko mimi na wewe hapa. Kesho wakwe zako wanashuka na mimba ya njaa kutoka Mpale. Una karatasi ya pongo mmoja, na huyu ndiye. Mkate shingo, ubebe, uozeshe mtoto."

"Utajua wewe," baba akasema.

"Mimi Mkristo! Inanihusu nini?"

"Ndiyo maana. Kesho utakaa harusini kwangu, unaniangalia nikiwalisha Waislamu wenzangu kibudu. Hutasema kitu, najua, wewe ni rafiki yangu. Lakini kuanzia siku hiyo kila nikikata nyama utakuwa unaniangalia hivyohivyo."

Akakifuta kisu kwenye nyasi, ingawa hakikuwa na kitu, akakirudisha alani. Halafu akakaa chini. Dunstan anasema hajamwona baba amechoka vile, hata siku alipozikwa alionekana amepumzika kuliko pale.

"Mchukue," baba akasema. "Pita njia ya mkongeni, watoto wa kijiji wasikuone. Na jambo la koti liishie hapa."

"Koti gani?"

"Zamda alilifua."

Dunstan akaelewa. Akambeba pongo mabegani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anasema, alibeba nyama bila raha.

Baba alifika nyumbani mikono mitupu. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanga mafiga, nazi zimekwisha kukunwa, maana kila mtu alijua baba hakosi. Mama akamtazama. Baba akavua koti, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Pongo nimempata, lakini amekufa kabla ya kisu. Nimekosea mfuko. Uzee huu. Nilijisifu mno kwamba mkono unasoma, kumbe umesahau shule."

Watu wakacheka kidogo, kwa huruma. Mimi nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira, tena hasira ya kumwonea yeye, kwamba mtu aliyegeuza kila risasi dukani ameshindwa kuchagua moja siku ya binti yake. Mama hakulia wala hakucheka. Alilichukua koti mkononi mwa baba, akalitundika kwenye msumari, akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha akaitazama mikono yake miwili, wa kulia, halafu wa kushoto. Akaenda jikoni kuloweka kunde.

Ijumaa, kabla jua halijawa kali, tulisikia kelele upande wa reli. Nilidhani ni wakwe wamewahi. Walikuwa watu wa kambi ya mkonge. Mbele alikuwa Hilaria, mke wa Dunstan, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na nyuma yake wanawake na wanaume wa kambini, na baiskeli, na kila mkono ulining'iniza kuku waliofungwa miguu, wanapiga mabawa na kelele kama mkutano wa kijiji. Mdondo haukuwa umevuka reli.

"Mzee Sadala!" Hilaria akaita. "Toka nje! Miaka yote tunakula nguruwe wako, hujatuomba hata kiberiti. Jana mume wangu kaingia na pongo, nikamwuliza huyu vipi, kaniambia. Nikapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenifungia mlango."

Dunstan akasogea mbele, kuku wawili kila mkono. "Wako hai wote," akasema. "Wakague. Hatujawagusa hata shingo, mtani, tusije tukakuletea kibudu kingine."

Mtu aliyezoea kutukanana na Dunstan kwa nusu ya umri wake alikosa hata tusi moja la kumshukuru nalo. Akakichukua kisu chake, akakinoa kwenye jiwe la mlangoni, akaelekea kibla. Hilaria alimshikia kuku wa kwanza miguu, akalowa damu kwenye kanga mpya, akacheka. Nilikuwa nimefungiwa ndani kama bibi harusi, nikichungulia kwenye ufa, na niliona mabega ya baba yakirudi mahali pake kuku baada ya kuku.

Wakwe waliposhuka walipokewa na harufu ya mchuzi wa nazi. Baba angeweza kunyamaza, maana nani anamwuliza mtu habari za pongo akiwa na paja la kuku mkononi? Lakini alisimama kabla sahani hazijatembea.

"Mzee Muhidini, mimi niliahidi pongo. Pongo alikufa kabla ya kisu, na sikumleta. Hawa kuku si wangu, ni wa ndugu zangu wa kambini. Kama unataka kuniita jina lingine, ndiyo saa yake."

Mzee Muhidini alimtazama baba, akawatazama watu wa kambini waliokaa kwenye mkeka wao na Hilaria mwenye damu kangani, akaoshwa mikono bila haraka.

"Sadala," akasema, "kwani sisi tulikuja kuoa pongo?"

Nyumba nzima ilicheka. Miaka yote niliyokaa Mpale, mashemeji zangu hawajaniuliza pongo amefika wapi. Waliniuliza tu lini wataenda tena kula kuku kwa mzee mwenye kisu.

Baba alilinda mahindi miaka mingi baada ya hapo, mpaka macho yalipofifia na bunduki ikarudishwa serikalini. Aliishi vizuri, akala vizuri, akatukanana na Dunstan kila siku ya Mungu. Kuhusu mfuko, aliendelea kusema mbele za watu kwamba alikosea mwenyewe, na mama aliendelea kumsikiliza akisema hivyo, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Ukweli Dunstan alinipa baadaye sana, siku ya arobaini ya baba.

Lakini ningeweza kuujua mapema kama ningekuwa na akili. Mara ya kwanza niliporudi nyumbani kusalimia, nilimkuta mama amelifua tena lile koti, limekauka, na baba anajiandaa kwenda shambani. Risasi zilikuwa kwenye vibakuli viwili juu ya kigoda. Baba akanyoosha mkono kuzichukua ajaze mifuko mwenyewe.

"Vaa kwanza, baba Chausiku," mama akasema, akimwita kwa jina langu.

Akalivaa. Mama akasimama mbele yake, karibu, akachota za pongo kwa mkono wa kulia na za nguruwe kwa mkono wa kushoto. Ili kila moja iende pake, ilibidi mikono yake ipishane tumboni kwa baba, wa kulia ukaenda huku, wa kushoto ukaenda kule, kama anayetaka kumkumbatia akaishia njiani. Baba alisimama ameinua mikono juu, ametulia kama mtoto anayevalishwa nguo za Idi. Nikauliza tangu lini mzee huyu anajaziwa mifuko. Mama akamfunga vifungo vya koti, na ndivyo walivyofanya kila alipokwenda, mpaka siku ile bunduki ilipoondoka nyumbani.